Kabla ya kuchapa "wameridhika", uliza waliulizwa wapi

Mhariri,

Habari za afya zinazoanza na "utafiti umebaini" zimekuwa nyingi magazetini, na sina ugomvi nazo. Kinachonikera ni kwamba nikisoma mpaka nukta ya mwisho, mara nyingi siambiwi watu waliulizwa na nani, waliulizwa wapi, wala walikuwa katika hali gani walipojibu. Naambiwa tu kwamba akina mama wengi wameridhika na huduma za kujifungua, au kwamba wauguzi wengi wananawa mikono inavyotakiwa. Mimi ni mkunga mstaafu hapa Tanga. Maisha yangu ya kazi yameishia leba na wodi ya wazazi, na miaka ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa napokea wanafunzi wa uuguzi waliokuja fildi na madodoso yao, yaani karatasi za maswali ya utafiti. Naomba niseme ninachokijua kuhusu karatasi hizo.

Nianze na mfano wa huku kwetu. Watafiti walifika katika vituo vinane vya kaskazini mashariki mwa Tanzania wakawauliza wanawake 1,779, wakati wanatoka kituoni baada ya kujifungua, kama walidharauliwa au kunyanyaswa na wahudumu: kufokewa, kupigwa, kuachwa peke yao, kuachwa wazi mbele za watu. Kiasi cha 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Kisha 593 kati yao wakafuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakaulizwa tena. Safari hii wakawa 28 katika kila 100. Dar es Salaam nako kazi kama hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Walioulizwa mara tu baada ya kujifungua, 15 katika kila 100 walisema walitendewa vibaya. Wanawake 64 walioulizwa tena wiki chache baadaye, wakiwa wamesharudi uraiani, wakafika 70 katika kila 100.

Najua yanayoweza kusemwa. Sitini na wanne ni wachache, na mtu akishafika nyumbani husimuliana na wenzake, hasira ikakua, au akatambua kwamba kile alichodhani ni kawaida ya leba kumbe si kawaida. Yote yanawezekana. Lakini hata ukipunguza hayo yote, bado gazeti lingeweza kuchapa vichwa viwili vya habari vinavyopingana, vyote "kwa mujibu wa akina mama wenyewe", na tofauti yake ikawa ni wapi na lini mama aliulizwa.

Anayeshangaa aje wodi ya wazazi asubuhi, muda wa kutoa ruhusa. Mama ameshafunga kanga zake, beseni na ndoo viko mlangoni, mama mkwe anachungulia dirishani. Kadi ya mtoto bado iko mezani kwa sista, chanjo ya kifua kikuu (BCG) na matone ya polio havijaandikwa. Ndipo anatokea binti mwenye sare nyeupe na kalamu mkononi. "Samahani mama, dakika chache tu. Je, wahudumu walikuheshimu? Ndiyo sana, ndiyo, kiasi, au hapana?" Mama anamtazama binti, anamtazama sista, anaitazama ile kadi. Anasema, ndiyo sana.

Nimesimama hapo mara nyingi nikijaza rejesta ya MTUHA, kitabu cha taarifa za huduma za afya, huku nikisikia. Mmoja wa akina mama hao nilikuja kukutana naye soko la Mgandini, mtoto mgongoni, tukasalimiana vizuri kabisa. Akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Sista, yule mwenzio wa usiku alinizaba kofi la paja. Lakini pale ningesemaje, na wewe mwanangu umempakata?" Kwenye dodoso la yule binti, mama huyu ni miongoni mwa walioridhika sana. Hakusema uongo kwa nia mbaya. Kumshukuru aliyekupokelea mtoto ni adabu yetu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayemsema mhudumu kabla hajatoka mlangoni kwake.

Wataalamu wa utafiti wanapima dodoso kwa mambo mawili makubwa, uthabiti na uhalali. Uthabiti ni dodoso kutoa jibu lile lile pale ambapo hali haijabadilika. Uhalali ni dodoso kupima kweli kile linachodai kupima. Wauguzi wa kliniki ya watoto wanaijua tofauti hii kwa mikono yao: ile mizani ya saa inayoning'inizwa, ukitundika mfuko wa kumwekea mtoto ukasahau kurudisha mshale kwenye sifuri, itakupa uzito ule ule hata umpime mtoto mara tatu mfululizo, na mara zote tatu itakuwa imemwongezea. Ina uthabiti, haina uhalali, na utapiamlo utakupita hivi hivi.

Sasa, katika ripoti za wanafunzi, na hata za wakubwa wao, ukiuliza uhalali uko wapi unaonyeshwa namba moja: alfa ya Cronbach. Lee Cronbach, mwanasaikolojia wa Marekani, aliiandikia makala yake mashuhuri mwaka 1951, na ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Kinaangalia kama maswali ya dodoso moja yanakwenda pamoja, yaani aliyejibu juu kwenye swali la kwanza huwa anajibu juu na kwenye la tano. Ikifika 0.7 mwanafunzi anashusha pumzi. Ikifika 0.9 anaiandika kwa wino mzito.

Tuwachukue basi akina mama wa asubuhi ile. Kundi moja limejibu "ndiyo sana" mwanzo mpaka mwisho, kundi la pili "ndiyo" mwanzo mpaka mwisho, na mmoja au wawili wenye roho ngumu wamesema "kiasi" mwanzo mpaka mwisho. Majibu yanakwenda pamoja bila doa. Alfa itapanda mpaka msimamizi afurahi. Kilichopimwa hapo ni adabu. Tena alfa hupanda hata ukiuliza jambo lile lile kwa sura kumi tofauti, kwa hiyo dodoso refu la kuchosha linaweza kuonekana bora kuliko fupi lililofikiriwa vizuri.

Kuna jingine linaloniudhi zaidi. Mwanafunzi anachukua dodoso lililotungwa Marekani au Uingereza, anaandika kwenye sura ya tatu ya ripoti yake, "dodoso hili lina alfa ya 0.85", basi imeisha. Namba ile ni ya majibu ya watu waliojaza kule. Haikuja imebandikwa kwenye karatasi. Ukiwapa watu wa Handeni dodoso hilo, hesabu inaanza upya, na hiyo ni hesabu ya uthabiti tu. Uhalali bado hujaugusa.

Kwenye uhalali ndiko kwenye kazi yenyewe, na ndiko watu wanakokimbia. Mwaka 1986 Mary Lynn aliwaandikia wauguzi watafiti namna ya kukusanya wataalamu, kila mmoja aangalie swali moja moja kama linahusika na jambo linalopimwa, kisha makubaliano yao yahesabiwe. Utaratibu mzuri. Kwetu wataalamu hao huwa walimu watatu wa chuo kimoja, wanaokunywa chai pamoja. Sijawahi kuona orodha ya wataalamu wa dodoso la huduma ya uzazi yenye mama wa watoto wanne kutoka Pangani.

Wanafunzi waliokuwa chini yangu niliwapa kazi moja kabla ya kuchapa nakala. Mchukue mama asiye na haraka, msomee swali, halafu muombe akueleze kwa maneno yake ameulizwa nini na amefikaje kwenye jibu lake. Mmoja wao alikuwa na swali lililosema, "Je, faragha yako ililindwa wakati wa kujifungua?" Mama akajibu ndiyo. Alipoombwa aeleze, akasema pazia lilikuwepo. Lilivutwa? Hapana, lakini lilikuwepo, na hospitali aliyojifungulia mara ya kwanza halikuwepo kabisa. Yule binti alikaa kimya, kisha akafuta swali akaandika jingine: wakati unapimwa njia ya uzazi, pazia lilikuwa limefungwa au liko wazi? Zoezi la asubuhi moja, watu watano au sita, gharama yake ni nauli. Katika ripoti nyingi sioni dalili kwamba limefanyika.

Tukigeukia wauguzi wenyewe wanapokuwa ndio wanaojibu, hali haina nafuu. Madodoso yanaletwa kwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, naye anayagawa wakati wa kukabidhiana zamu, na anasema, jazeni mniletee mimi. Muuguzi ametoka usiku na wagonjwa arobaini, anataka kuwahi daladala, anapiga tiki mstari mmoja ulionyooka kutoka juu mpaka chini. Juu ya karatasi imeandikwa "usiandike jina lako". Chini yake: umri, jinsia, kiwango cha elimu, miaka kazini, wodi unayofanyia. Kwenye wodi yenye mwanamume mmoja, huyo ameshajitaja. Hapo anaulizwa kama inchaji wake anamtendea haki, na karatasi inarudi mikononi mwa inchaji huyo huyo. Maswali ya uchovu wa kazi, ya kutaka kuacha kazi, ya makosa ya kutoa dawa, yote nimeyaona yakikusanywa kwa njia hii. Kibali cha maadili kilikuwepo, na muhuri wake.

Kwenye kunawa mikono kuna ugumu wa namna nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kwa uzoefu wangu huo wa tano ndio unaopotea. Muuguzi amesogeza kitanda, ameshika faili, amerekebisha dripu, hajamgusa mtu, kwa hiyo kichwani mwake hakuna lililotokea. Mpe dodoso linalouliza, "Je, unanawa mikono kila inapotakiwa?" Atajibu "daima", na anaamini hivyo. Huyu hafichi kitu, hakijui tu. Kumtaka awe mkweli zaidi hakusaidii. Simama wodini uhesabu, au pima sabuni na kitakasa mikono vilivyotumika mwezi mzima ukigawanya kwa idadi ya wagonjwa na siku walizolala. Kusimama wodini nako kuna hila yake, kwa sababu mtu akijua anatazamwa hunawa mpaka ngozi ikakauka. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na vipimo viwili vya jambo moja na kuvilinganisha.

Nisieleweke kwamba nadharau kumuuliza mtu. Yapo mambo ambayo hakuna shahidi isipokuwa mwenyewe. Muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, alisema mwaka 1968 kwamba maumivu ni kile anachosema mwenye kuumwa, na yapo pale anaposema yapo. Leba tuna mazoea mabaya ya kumtazama mama usoni na kutoa hukumu, "huyu bado, uchungu wenyewe haujafika". Hapo jibu la mama kwenye kipimo cha sifuri mpaka kumi lina uzito kuliko macho yangu, hata kama nimezalisha mamia. Hofu, huzuni na uchovu wa moyo navyo ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu nagombania maswali yatungwe vizuri: kwa mambo haya hatuna njia nyingine.

Chukua huzuni ya mama aliyejifungua. Dodoso maarufu la sonona, PHQ-9, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na matatu kati yake yanauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mpe mama mwenye kichanga cha siku kumi. Usingizi hana, amechoka, anakula mtoto akimruhusu. Ameshakusanya alama kabla hujafika kwenye huzuni. Waliotunga dodoso la Edinburgh mwaka 1987, huko Uskoti, waliliona tatizo hili. Maswali yao kumi yamekwepa sana dalili za mwili, na pale walipogusa usingizi waliuliza kama mama amekosa furaha kiasi cha kupata shida kulala. Tofauti hiyo ndogo inamtoa mama aliyekeshwa na mtoto na kumbakisha anayekeshwa na mawazo.

Na hapa nchini kazi ya kulijaribu dodoso kwa watu wetu imeshafanywa vizuri, haianzi na sisi. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha jinsi walivyoipima orodha ya Hopkins ya dalili za sonona na wasiwasi, yenye maswali 25, kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam. Hawakuridhika na alfa. Waliyalinganisha majibu ya dodoso na mahojiano ya kitaalamu ya kutambua sonona, wakaangalia dodoso linawakamata wagonjwa kweli na kuwaacha wazima kweli kwa kiwango gani. Alama iliyowafaa kutenganisha mgonjwa na mzima ikawa chini ya ile 1.75 iliyozoeleka kwingine. Aliyetumia 1.75 kwa wanawake wale bila kujaribu angewaambia baadhi ya wagonjwa waende nyumbani, hawana tatizo.

Najua mwanafunzi wa stashahada hawezi kufanya kazi ya Profesa Kaaya kwa mkopo wake na miezi yake michache ya utafiti. Simdai hivyo. Anaweza kuwarudia watu ishirini baada ya wiki mbili aone kama majibu yao yamebaki yalipokuwa. Anaweza kuweka bahasha na sanduku lenye kufuli mbali na meza ya inchaji. Anaweza kufuta swali la jinsia kama halimsaidii. Anaweza kuvua sare. Na katika ripoti yake aandike wangapi walikataa kujibu, maana wanaokataa mara nyingi ndio wenye la kusema. Walimu wa vyuo wakiyataka haya kwenye usahihishaji kama wanavyoitaka alfa, yatafanyika ndani ya mwaka mmoja.

Waganga wafawidhi nao wana sehemu yao. Tafiti za kuridhika kwa wateja zinazofanywa na hospitali yenyewe, ndani ya hospitali, na watumishi wa hospitali, kisha matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na dirisha la malipo, sioni zinamsaidia nani. Namba za simu za akina mama zipo kwenye rejesta. Aombwe ridhaa siku ya ruhusa, apigiwe wiki tatu au nne baadaye na mtu asiyelipwa na kituo hicho, na asipigiwe saa ambayo simu iko kwa mume.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo. Taarifa ya utafiti ikifika mezani, mwandishi wako ampigie mtafiti amuulize: dodoso hili lilijazwa wapi, mbele ya nani, karatasi zilirudi mikononi mwa nani, wangapi walikataa, na kabla ya kulitumia mlilijaribu kwa watu wa aina hii? Majibu yakipatikana yawekwe kwenye habari, hata kwa sentensi mbili, kabla ya asilimia. Yasipopatikana, habari hiyo isubiri toleo la kesho.

Mkunga mstaafu,
Tanga